Redio ya Bibi, Simu ya Dada

Nimerudi chuo salama. Ufunguo wa chumba nimeshachukua, godoro limeshapata kona yake, bumu bado halijatoka (hiyo nayo si habari mpya), na dagaa niliobeba kutoka nyumbani wamebaki nusu maana wenzangu wa chumbani wana pua kali kuliko paka. Wengi mmeniuliza kwa meseji fildi ilikuwaje huko mwisho wa reli. Nilianza kumjibu mmoja mmoja nikaona vidole vitaisha, bora niandike hapa kila mtu asome.

Kwa wasiopajua, Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ukitoka sokoni Mwanga unachukua bodaboda, hujamaliza hata kubishana nauli umeshafika. Ni nyumbani kwetu, na mazoezi ya kufundisha nimeyafanyia hukohuko Kigoma mjini kwenye shule ambayo sitaitaja jina, maana walimu wake walinipokea vizuri na sitaki waanze kutafutwa na nyie watu wa maswali.

Tena imekuja wakati mzuri. Kwenye somo la teknolojia ya elimu tumepewa asaimenti yenye swali moja tu: ufundishaji wa kidijitali ni nini, na zana za mtandaoni zinamsaidiaje mtu kujifunza maisha yake yote? Juzi kantini tulilibishania swali hilo mpaka chai ikapoa. Mmoja akasema ni projekta. Mwingine akasema ni Moodle, ule mfumo unaotumiwa na vyuo vingi kuwekea notisi na kupokelea kazi za wanafunzi. Wa tatu akasema siku hizi ni akili mnemba, mengine yote yameshapitwa na wakati. Mimi nikasema ni bibi yangu na redio. Wakacheka. Basi hii ni kwa ajili yenu mliocheka.

Bibi yangu anakaa Ujiji. Shule hakwenda, lakini anajua kusoma na kuandika jina lake na majina ya watoto wake wote. Ukimwuliza alijifunza wapi anakujibu, "Kwenye kisomo." Ukimwuliza habari ya redio ndipo anakaa vizuri kwenye mkeka.

Mnakumbuka ile historia ya elimu ya watu wazima tuliyosoma mwaka wa kwanza? Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla na baada ya hapo zikafuatana kampeni za redio: Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako, halafu Wakati wa Furaha mwaka 1971 tulipotimiza miaka 10 ya uhuru. Kubwa iliyotikisa nchi ilikuwa Mtu ni Afya, mwaka 1973. Ilichukua wiki 12. Walifundishwa viongozi wa makundi wapatao 75,000, na watu walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni 2. Mada zilikuwa malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Sisi tulizikariri namba hizo kwa ajili ya mtihani tukazisahau. Bibi hajui namba hata moja, lakini alikuwepo.

Anasema redio ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi. Watu wanakaa chini ya mwembe, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Kipindi kinasikilizwa kimya. Nikamwuliza, "Kwa hiyo bibi mlikuwa mnasomeshwa na redio?" Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama samaki anajua kupanda mti. "Redio ilikuwa inasema, mjukuu wangu. Ikishazimwa, ndiyo tunaanza kusoma."

Sentensi hiyo naomba uisome tena. Ikishazimwa, ndiyo tunaanza kusoma.

Kiongozi alikuwa na kijitabu. Anasoma sehemu fulani, halafu swali linaangukia kundi: na sisi hapa kwetu je? Maji tunachota wapi? Nani hana choo? Wanabishana, wanakubaliana la kufanya kabla ya wiki ijayo, na wiki ijayo wanaulizana. Bibi anacheka akikumbuka jinsi babu alivyochimba choo kipya usiku usiku kwa aibu, kwa sababu kundi lilikuwa limepanga kupita nyumba kwa nyumba kesho yake. Choo kile hakikuchimbwa na redio wala na kijitabu. Kilichimbwa na majirani watakaokuja kuangalia.

Sasa twende mbele mpaka Machi 17, 2020, shule zilipotangazwa kufungwa kwa sababu ya corona. Nilikuwa kidato cha tatu. Vipindi vya masomo vikawekwa redioni na kwenye runinga, na mimi nilivifuatilia kwa jirani mwenye runinga. Mwalimu alieleza vizuri tu, huwezi kumlaumu. Lakini kikiisha kipindi kimeisha, inakuja miziki, kila mtu anakwenda kuteka maji. Hakuna kiongozi wa kundi, hakuna kijitabu, hakuna kesho yake watakuja kuangalia. Vyuo vikuu na kidato cha sita walirudi Juni 1, sisi wengine Juni 29. Siku ile darasani mwalimu aliuliza nani amefuatilia vipindi, mikono mingi ikanyooka. Akauliza nani anaweza kueleza kimoja, mikono ikashuka. Redio ilikuwa ileile ya mwaka 1973, tena hii ilikuwa na picha. Kilichokosekana ni mwembe.

Najua kuna mtu atasema zama zimebadilika, siku hizi mashine zinafundisha zenyewe. Sitaki kumpuuza kwa sababu ana ushahidi, na ushahidi wenyewe unatoka hapahapa Tanzania. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE lilifanyia majaribio yake mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa tableti zenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Wengi wa watoto hao, asilimia 74, walikuwa hawajawahi kuhudhuria shule. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019.

Hilo si jambo dogo jamani. Mtoto ambaye hakuna mtu aliyemfundisha, akaweza kusoma neno! Kama mwalimu mtarajiwa nimekaa nikalifikiria sana. Mimi naona linasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, zana iliyotengenezwa kwa akili, kwa lugha ya mtoto, isiyohitaji bando, inaweza kufika mahali ambapo mwalimu hajafika. La pili ni ile nusu nyingine. Miezi 15 na tableti mkononi, na neno bado halisomeki. Hao ndio watakaohitaji mtu. Na hao ndio nitakaowakuta mimi na wewe darasani tukiajiriwa.

Haya, sasa tuje kwa Dada.

Dada yangu mkubwa aliacha shule kidato cha pili kabla ya mtihani. Mama aliugua, mtu wa kukaa dukani na kulea wadogo akawa yeye, na miaka ikapita hivyo. Akaingia kwenye biashara ya dagaa. Anakwenda mwaloni alfajiri, ananunua, anaanika, anauza. Ni yeye aliyeninunulia daftari tangu nikiwa darasa la tano. Nikisema stakabadhi ya ada yangu ya sekondari inanuka dagaa sitanii.

Mwaka 2024 serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ilikuwa mara ya kwanza kwa upande wa Tanzania. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwezi uleule, nasubiri matokeo. Mwaloni kimya, vichanja vitupu, Dada amekaa nyumbani, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani. Siku ya nne akaniambia, "Mdogo wangu, hivi mtu wa umri wangu bado anaruhusiwa kufanya mtihani?"

Anaruhusiwa. Unaitwa Mtihani wa Maarifa, ule wenye jina la QT. Ukiufaulu unapata sifa ya kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tukaanza na simu yake, yenye kioo kilichopasuka kona. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina fomati za mitihani, na kuna kitu kingine humo ambacho watu wengi hawakijui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Wanaeleza swali lilitaka nini, waliofaulu walijibuje, waliofeli walichanganya wapi. Kwa mtu asiye na mwalimu, hiyo ni dhahabu. Ni kama kukaa nyuma ya msahihishaji ukamchungulia.

Dada hakutaka kusoma peke yake. Akawaita wenzake watatu: mmoja muuza dagaa mwenzake, mmoja mama ntilie wa Mwanga, na binti mmoja wa jirani aliyetoka shule kwa ujauzito miaka ile kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana wa namna hiyo wanaweza kurudi. Wanne. Uwanja wetu wa nyuma, mikeka miwili, simu mbili zenye uwezo wa kufungua mafaili. Mimi nilikuwa natafsiri, kwa sababu vitabu vya sekondari ni vya Kiingereza na Kiingereza cha Dada kilikuwa kimelala miaka mingi. Uvuvi ulipofunguliwa tena nikadhani yameisha. Wakapanga ratiba yao kwa mwezi. Sio mwezi wa kalenda, mwezi wa angani! Wavuvi wa dagaa wanategemea taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku boti hazitoki. Siku hizo ndizo siku za shule uani kwetu.

Nilipokuja chuo wakafungua kundi la WhatsApp ili tuendelee. Hapa ndipo asaimenti yetu ilipo wadau, kaeni vizuri. Ndani ya wiki chache kundi lilijaa. Shemeji ya mtu akaongezwa, rafiki wa shemeji akaongezwa, na kila aliyeingia akamwaga madesa. Faili la baiolojia kurasa 200. Faili la historia lililopigwa picha kwa simu mbovu. Video za hesabu za kumaliza bando la wiki kwa dakika kumi. Katikati yake asubuhi njema zenye maua ya waridi. Zana zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote, na kusoma kukasimama kabisa. Mama ntilie akasema anaona aibu kuuliza swali mbele ya watu asiowajua.

Dada ndiye aliyelivunja lile kundi. Akaanzisha jingine la watu walewale wanne na mimi wa tano, akaweka sheria moja kwa sauti, tena sauti ya mtu aliyezoea kupanga bei mwaloni: "Faili moja, swali moja. Anayetuma kitu atume na swali lake. Kingine hakitumwi mpaka sote wanne tumejibu kwa mdomo." Kwa mdomo maana yake ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, kwa maneno yako. Mafaili wanayapakua mara moja kwenye simu moja wakikutana, halafu wanarushiana kwa blututhi ili bando lisiliwe mara nne. Usiku nilikuwa nikifungua simu hapa hosteli nasikia mama ntilie anaeleza usanisinuru huku masufuria yanagonga nyuma yake. Alikosea jambo moja, yule binti akamsahihisha kwa upole, akarudia. Nilitoka nje ya chumba nikasikiliza tena peke yangu.

Hakuna aliyemfundisha Dada nadharia yoyote. Lakini hebu tazama alichofanya. Alipunguza vitu ili swali lionekane. Alilazimisha kila mtu atoe kitu, sio kupokea tu. Akahakikisha kuna mtu wa kusikiliza jibu. Ni mwembe uleule wa Bibi, umehamia kwenye simu, na Bibi na Dada hawajawahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Akili mnemba nayo imefika uani kwetu. Kuna programu moja ambayo binti wa jirani aliiweka kwenye simu, unaandika swali kwa Kiswahili nayo inajibu. Siku ya kwanza wakaamua kuijaribu na kitu wanachokijua, wakaiuliza kuhusu mgebuka. Ikajibu kwa heshima zote kwamba mgebuka ni aina ya mtumbwi wa asili. Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Dada akasema, "Huyu hajawahi kununua mboga Kigoma." Sasa wanaitumia, na inawasaidia kweli kwa Kiingereza, kwa kuwa unaweza kuiuliza kitu kilekile mara kumi na haichoki. Lakini kuna kanuni: jibu lake haliingii kwenye daftari mpaka limeonekana kwenye kitabu. Mimi nilijiuliza swali moja tu. Kwenye samaki walimkamata kwa sababu wako kwenye eneo lao. Mtu anayesoma peke yake kemia usiku, nani atamwambia kwamba hapa ameambiwa mgebuka ni mtumbwi?

Basi na mimi nikaenda fildi na sheria ya Dada mfukoni. Kidato cha kwanza, Jiografia, wanafunzi zaidi ya 80 kwenye mkondo mmoja, madawati yamebanana mpaka mwalimu unapita ubavu ubavu. Projekta hakuna, na wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Kuna simu moja tu, ya kwangu. Somo ni hali ya hewa, na siku ile tulikuwa kwenye upepo.

Wikiendi niliongozana na Dada hadi Katonga, nikamwomba mzee mmoja mvuvi anieleze upepo wa kiangazi unavyomsumbua. Nikamrekodi dakika mbili, kwa ruhusa yake. Jumatatu nikaingia na spika ndogo ya kuazima. Kabla ya kuwasha nikaandika swali ubaoni: mzee anasema upepo mkali unatoka upande gani, na unafanya nini kwa maji? Nikawasha. Darasa la watu 80 likanyamaza, maana sauti ile ni ya babu zao, ni Kiswahili cha nyumbani chenye harufu ya ziwa. Nikazima. Makundi ya watu sita sita, dakika kumi. Kuna kijana mmoja wa nyuma ambaye wiki mbili nzima nilikuwa sijasikia sauti yake. Baba yake ni mvuvi. Siku ile kundi lake lilimsukuma mbele, akachora ziwa ubaoni, refu kama lilivyo, akaonesha upepo unavyopiga kutoka kusini. Ndipo nikafungua kitabu: kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini unasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini. Hawakuhitaji kukariri. Walikuwa wameshafika, kitabu kiliwakuta njiani.

Bando nililotumia siku hiyo: sifuri.

Sasa nadharia, ili msiseme ninaleta hadithi za dagaa tu. Mwaka 1986 Lee Shulman alisema mwalimu hahitaji kujua somo tu wala mbinu tu, anahitaji kujua namna ya kulifundisha somo lile hasa. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza la tatu, teknolojia, wakatengeneza ile michoro ya duara tatu inayotusumbua kwenye mitihani, inaitwa TPACK. Mimi naiona kama mafiga matatu. Somo, ufundishaji, teknolojia. Ukiweka figa moja kubwa la teknolojia na mengine mawili madogo, chungu kinainama na mchuzi wote unamwagika kwenye majivu. Kundi la madesa lilikuwa figa moja. Vipindi vya 2020 vilikuwa na figa la somo na la teknolojia, la ufundishaji halikukamilika kwa sababu hakukuwa na wa kuuliza wala wa kuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la asaimenti ni hili: ufundishaji wa kidijitali ni kupanga kitakachotokea baada ya kifaa kuzimwa. Zana unachagua baadaye.

Na kujifunza maisha yote? Hapo tunahusika hata sisi wenyewe. Shuleni nilikuta walimu wana MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu. Mwalimu anasoma moduli kwenye mfumo wa mtandaoni kwa simu au kompyuta, halafu walimu wanakaa pamoja kwenye jumuiya ya kujifunza ya shule yao. Moduli na mwembe tena! Nilihudhuria vikao viwili. Kimoja mwalimu wa miaka mingi kazini aliuliza swali la sehemu za hesabu ambalo angeweza kulificha mpaka astaafu, na mwalimu kijana akamjibu bila kumdharau. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unatutaka tujenge umahiri. Huwezi kumjengea mtoto umahiri wa kuuliza kama wewe mwenyewe unaona aibu kuuliza.

Sisemi kwamba bando, umeme na vifaa si tatizo. Mimi nimekulia mkoa ambao kwa miaka mingi uliwashwa kwa jenereta za dizeli kwa sababu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, najua maana ya kusubiri umeme na simu ina asilimia mbili. Watu wa vifaa waendelee kuvidai, na mimi nitadai nao. Ninachosema ni kwamba tusisubiri vifaa ndipo tuanze kufikiri, maana vitakuja na vitatukuta tumekaa vilevile. Wapo wenye projekta na bado mwalimu anasoma slaidi kwa sauti mpaka kengele.

Ukienda fildi zamu yako, jaribu hivi. Kabla hujatafuta programu, andika swali moja unalotaka wanafunzi wako walijibu. Tafuta sauti, picha au video moja tu inayowasha swali hilo, ipakue mapema. Panga nani atazungumza na nani baada ya kuzima. Halafu jiulize, nikiondoka shule hii mwezi ujao, hawa watoto wanaweza kuendelea bila mimi? Kama hawawezi, basi ulikuwa unaonesha, hujafundisha.

Dada alijisajili mapema mwaka huu. Mtihani ni Novemba, na wale wenzake wawili pia watafanya. Mama ntilie amesema yeye bado, atafanya mwakani, lakini hajatoka kwenye kundi na anaendelea kutuma sauti zake zenye masufuria. Nilimwuliza Dada usiku wa kuondoka kama anaogopa. Akasema anaogopa Hesabu, mengine atapambana nayo. Nikamwambia akishafika mbali kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi na familia kama yeye, na Kigoma kina kituo. Akaniambia niache kumpangia mambo makubwa, kwanza nimtumie maswali ya jometri. Leo jioni ni zamu yangu kutuma: faili moja, swali moja. Nimechagua pembetatu.

Kwa leo niishie hapo, nina kipindi saa mbili na mhadhiri huyu hapendi kuchungulia milango. Nyie mliofanyia fildi Mtwara, Simiyu, Pemba na kwingineko, nambieni mlitumia nini darasani na nini kilitokea mlipokizima. Na yeyote anayejua kueleza jometri kwa Kiswahili chepesi anitumie sauti ya dakika mbili, isizidi. Kuna watu wanne uani Katubuka watamshukuru.

Tuko pamoja.